Hesabu siku, usihesabu kilomita: namna ya kupanga safari ya miezi kwa fedha kidogo

Kila mwaka mitihani ikiisha, kuna mwanafunzi wa kitivo chetu anayetangaza kwamba safari hii atafika mpaka Zanzibar. Anasema hivyo mbele ya wenzake, wanacheka pamoja, na kwa kawaida jambo linaishia hapo. Mwaka mmoja mwanafunzi huyo alikuwa mimi, na jambo halikuishia hapo. Niliondoka Lubumbashi na begi moja la mgongoni na dola 700 mfukoni, nimepanga kutembea siku 70. Siku ya 38 nilikuwa Mombasa nimebakiwa na dola 11. Baba mdogo alinitumia dola 120 za kunirudisha nyumbani. Niliporudi ndipo nilipojua kwamba fedha hizo zilikuwa za karo ya mdogo wangu, na kwamba yeye alikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu yangu.

Miaka miwili baadaye nilienda tena, siku 84, nikarudi na akiba mfukoni. Wengi wameniuliza nilifanyaje. Nitaeleza hesabu kwanza, kisha karatasi, kisha lile linalotuhusu zaidi sisi wa kitivo cha lugha, yaani Kiswahili chetu kinavyotuongezea au kutupunguzia gharama njiani. Njia ninayoizungumzia ni ile ya kusini: Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Nairobi, Kampala, Mwanza, halafu kurudi kwa Tabora na Mbeya. Wenzetu wa Bukavu, Goma na Kalemie wana njia zao za ziwani, na huko hali ya usalama ndiyo inayoamua kabla ya fedha.

Kosa la ramani

Safari ya kwanza niliipanga kwa ramani. Nilijumlisha kilomita, nikauliza nauli za mabasi, nikagawa kilichobaki kwa chakula. Hesabu ilionekana safi. Tatizo ni kwamba ramani inakuvuta: ukiuona mji uko saa nne tu mbele, unasema si mbali, twende. Katika siku 38 nililala katika miji 17.

Nilikuwa na daftari la matumizi, na niliporudi nilikaa nalo kwa utulivu. Nikatenganisha siku za kuhama na siku za kukaa. Siku ya kukaa ilinigharimu chini kidogo ya dola 8. Siku ya kuhama ilinigharimu karibu dola 31. Nauli ya basi ilikuwa sehemu tu ya hizo. Kulikuwa na teksi-moto ya kwenda kituoni, mzigo uliolipiwa mara ya pili bila sababu, chipsi za njiani zenye bei ya njiani, na hasa usiku wa kwanza. Unafika saa mbili za usiku, hujui mji, mvulana mmoja anakushika begi, na unalala katika chumba cha kwanza unachoonyeshwa kwa bei ya kwanza unayotajiwa. Asubuhi unagundua kwamba nyuma ya kituo kuna chumba cha nusu ya bei, lakini kesho yake unahama tena na ule ujuzi unauacha pale pale. Mgeni analipa ada ya ugeni kila anapofika, na mimi niliilipa mara 17.

Kwa hiyo swali la kwanza la safari ndefu ni "nitahama mara ngapi?" Safari ya pili nilichagua miji saba. Mbeya siku 10, Dar es Salaam 16, Unguja 12, Mombasa 14, Nairobi 7, Kampala 8, Mwanza 6. Siku 11 zilikwenda njiani. Ukikaa siku kumi mahali pamoja, mwenye nyumba ya wageni anakubali bei ya juma, mama wa chakula anakujua na anakuongezea maharage bila kuombwa, na unajua daladala ipi inakwenda wapi. Siku ya tatu unaanza kulipa kama wenyeji. Na kwa mwanafunzi wa lugha faida ni mbili, kwa sababu siku hiyo ya tatu ndiyo watu wanapoacha kuzungumza nawe kwa Kiswahili cha wageni.

Mafungu manne

Mara ya pili nilikuwa na dola 1,400 kwa jumla. Nazitaja ili hesabu ionekane. Bei hubadilika, na mwingine anaweza kupanga kwa 900 au kwa 2,000 kwa namna ile ile.

Fungu la kwanza, dola 250, halikuwa la safari. Lilikuwa la kurudi. Nilimwachia mama pale nyumbani, kwa masharti kwamba asinitumie hata senti mpaka nimwambie "nimeumwa" au "narudi". Kulibeba mwenyewe ni kujidanganya, maana fedha iliyo mfukoni itapata sababu ya kutoka. Hili ndilo fungu lililokosekana katika safari ya kwanza, na aliyelilipa ni mdogo wangu.

Fungu la pili, dola 170, lilikuwa la karatasi. La tatu, dola 220, la nauli kubwa: mabasi ya mpakani, treni, boti ya Unguja. Zilibaki 760. Gawa kwa siku 84, unapata dola 9 na senti kidogo kwa siku za kulala, kula, na nauli ndogo za mjini. Namba hiyo moja niliiandika ndani ya jalada la daftari. Mbeya nilitumia 7, Nairobi 13, lakini kila Jumapili jioni nilijumlisha juma zima na kuangalia kama wastani umepita 9. Ukipita, juma linalofuata hakuna kuhama. Sikuwa na sheria nyingine.

Atakayesema kwamba nilifaulu kwa sababu nilikuwa na fedha nyingi zaidi, ajaribu kulinganisha. Nikichanganya nauli kubwa na matumizi ya kila siku, safari ya pili ilinigharimu chini ya dola 12 kwa siku. Ya kwanza ilikuwa 18.

Fedha zenyewe nilizipata kwa kufundisha watoto wa jirani na kwa likelemba. Juu ya likelemba nina neno moja. Tulikuwa kumi, kila mmoja akitoa dola 50 kwa mwezi, na wote waligombea zamu za mwanzo. Mimi niliomba ya mwisho. Anayepokea mwezi wa kwanza akisafiri mwezi wa kumi atakuwa ameshakula mara tisa. Anayepokea mwishoni anaondoka fedha ikiwa bado ya moto. Ila lazima uwajue wenzako tisa, kwani zamu ya mwisho ndiyo inayoumia mtu akikimbia.

Karatasi na majira

Pasipoti ndiyo gharama inayowakatisha tamaa wengi wetu. Wakubwa zetu walioomba kati ya 2015 na 2020 walilipa bei rasmi ya dola 185, karo ya mwaka kwa familia nyingi. Tangu hapo bei rasmi imeshuka, lakini muda wa kusubiri haukushuka kwa kipimo hicho, kwa hiyo anza miezi sita kabla. Hakikisha itakuwa hai miezi sita zaidi baada ya tarehe ya kurudi na kwamba ina kurasa tupu, maana mihuri ya kuingia na kutoka katika nchi tano inajaza kurasa haraka.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya mpaka wa kwanza. Kabla ya hapo kadi haihesabiwi. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinasema kadi hiyo ni ya maisha yote. Nimeona msafiri akiambiwa mpakani kwamba kadi yake ya miaka kumi na mbili "imekufa" na kwamba anaweza kusaidiwa. Haikufa. Ukijua kanuni, unaieleza kwa upole na kusubiri.

Juu ya viza, nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022 na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Tumo pia ndani ya SADC na COMESA, ambamo Zambia nayo imo. Lakini kutia sahihi hakufungui kila geti siku hiyo hiyo. Kila nchi inapatana na nchi kwa wakati wake, kwa hiyo masharti ya rafiki yako aliyepita mwaka juzi si masharti yako. Uliza katika ubalozi au konseli, andika jina la sharti na bei yake, kisha uliza tena wiki ya mwisho. Uanachama huo una faida nyingine inayosahaulika. Katika makumbusho mengi ya Kenya, kwa mfano, kuna bei ya mwananchi, bei ya mtu wa Jumuiya, na bei ya mgeni wa mbali. Mwenye tiketi akikuona na begi atakupa ya tatu. Toa pasipoti, uombe ya pili.

Majira nayo ni fedha. Masika ya pwani huanza Machi hadi Mei, barabara zinaharibika na mabasi yanachelewa. Nilitoka mwanzoni mwa Juni. Kwetu ni kiangazi, kusini mwa Tanzania kumekauka, lakini Mbeya iko juu, karibu mita 1,700, na usiku wa Juni huko unataka koti la kweli. Nilinunua la mtumba sokoni siku ya pili. Julai na Agosti Unguja imejaa watalii, hivyo nililala Mjini, mbali na vyumba vya ufukweni, nikaenda pwani kwa daladala kama watu wengine.

Kuhusu treni ya TAZARA: ina kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, na kwa mwenye muda ni njia nzuri kuliko zote. Ratiba inataja takriban siku mbili. Beba chakula cha siku tatu. Huduma ya abiria imewahi kusimama zaidi ya mara moja, kwa hiyo usipange tarehe ya mtu kukupokea juu ya treni hiyo. Safari ya pili haikuwapo siku niliyofika, nikapita kwa basi Nakonde.

Fedha taslimu igawanye mahali patatu. Noti za dola ziwe mpya na bila mchaniko. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa hilo. Laini ya simu ya nchi nyingine inasajiliwa kwa pasipoti, na ukiwa nayo unaweza kulipa kwa simu karibu kila kitu Tanzania na Kenya. Badilisha fedha kidogo tu mpakani, ya basi na chakula cha siku moja. Wabadilishaji wa Tunduma na Kasumbalesa ni hodari kuliko mwalimu yeyote wa hesabu.

Neno lililonigharimu

Sasa lugha. Tunapenda kusema kwamba Kiswahili kitatufikisha mpaka bahari ya Hindi. Kitatufikisha, lakini kwanza kitatuaibisha kidogo, na aibu hiyo ina bei.

Asubuhi yangu ya kwanza Mbeya nilikwenda sokoni nikamwambia mama mmoja kwa heshima: "Mama, nataka kuuza mikate." Akanitazama juu mpaka chini. "Umeileta wapi?" Nikadhani ananiuliza nimetoka wapi, nikajibu Lubumbashi. Wakaja wawili wengine kumsikia mtu aliyeleta mikate kutoka Congo. Kila msomaji wa hapa ameshajua kosa. Kwetu "kuuza" ni kutoa fedha na kuchukua kitu, na anayetoa kitu "anauzisha". Huko "kuuza" ni kutoa kitu, na sisi tuliotaka mkate tunapaswa "kununua". Mfumo wetu una mantiki yake: tendo la msingi ni la mwenye fedha, na kiambishi cha kusababisha, -isha, kinamfanya mwenye mali kuwa yule anayemsababisha mwingine apate. Hakuna aliyekosea sarufi. Lakini sokoni sarufi mbili zikikutana, anayelipa ni mgeni. Nililipa mikate ile bei ya mtu wa kuchekesha.

Maneno mengine ya namna hiyo niliyaandika upande wa pili wa daftari, mkabala na matumizi, kwa sababu yalikwenda pamoja. Tanzania na Kenya ukiuliza "hoteli" utaonyeshwa mahali pa kula. Kwa kulala uliza gesti au nyumba ya wageni, na Kenya lojingi. Bukari letu linakuwa nshima Zambia, ugali Mbeya, sima kwa Waswahili wa Mombasa, posho Kampala, na sahani hiyo hiyo inabadilika bei kwa jinsi unavyoitaja. Kampala basi dogo la abiria 14 linaitwa teksi, na mtu wa Lubumbashi anayeikataa kwa kuogopa bei ya teksi anatembea kwa miguu bure.

Lililo hatari kuliko yote ni saa. Tiketi ya basi ya Tanzania inaweza kuandikwa 12:00 asubuhi, na ni saa kumi na mbili ya Kiswahili, alfajiri jua linapochomoza. Anayeisoma kwa saa za Kifaransa atakuja adhuhuri na kukuta uwanja mtupu. Juu ya hapo, ukivuka kutoka Nakonde kwenda Tunduma saa inasogea mbele saa moja, maana Zambia na Lubumbashi tuko nyuma. Safari ya kwanza makosa hayo mawili yalinipata siku moja, na tiketi haikurudishwa.

Upande wa faida, neno lililonilipa kuliko yote ni "shikamoo". Kwetu tunamsalimu mzee kwa "jambo, papa" na inatosha. Bara na Unguja, kijana asiyempa mkubwa shikamoo anaonekana amelelewa vibaya, na akiitoa, hasa kwa lafudhi ya Congo, milango inafunguka. Dar es Salaam babu mmoja mwenye nyumba ya wageni alinipunguzia chumba kwa sababu, alisema, wajukuu zake mwenyewe wanamwambia "mambo". Bei za kigeni huanza mtu anapokuona hujui taratibu. Kampala ni habari nyingine. Kiswahili huko watu wengi wamekihusisha na askari kwa muda mrefu, na ingawa serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kukifanya lugha rasmi, sokoni maneno kumi ya Kiganda yana thamani zaidi. Zambia nako, kati ya mipaka miwili, Kibemba cha majirani zetu kilinisaidia kuliko Kiingereza changu.

Dada mmoja wa darasa letu aliyepita njia hii hii baadaye ananiagiza niongeze jambo ambalo mimi sikuliona. Yeye hakupanga kamwe kufika mji mpya usiku, hata kama basi la usiku lilimwokolea chumba. Bajeti yake ilikuwa na dola mbili za ziada kwa siku kwa ajili ya chumba chenye kitasa cha ndani na mtaa wenye taa. Anasema asiye na dola hizo mbili apunguze siku, asipunguze kitasa. Nimeangalia hesabu zake, na safari yake ya siku 60 ilikwenda vizuri kuliko yangu ya 84.

Walimu wetu wataniuliza daftari hilo lina faida gani kwa kitivo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, mmoja wao, Selim bin Abakari, akieleza Urusi na Siberia. Na hapa kwetu, mwaka 1965, iliandikwa historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huu, jinsi watu walivyokisema, ambayo Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990. Daftari langu si la kuwekwa karibu na hayo. Lakini nililiandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi upande wa fedha na kwa Kiswahili cha kila mji upande wa maneno, na kutoka humo nimepata mada ya memwari yangu: vitenzi vya kununua na kuuza kati ya Kasumbalesa na Mombasa. Mkuu wangu wa kazi ameikubali kwa sharti kwamba nirudi Tunduma kwa wiki mbili za ziada, kwa gharama yangu.

Kati ya zile 250 alizotunza mama, 140 zilirudi nazo salama. Karo ya mdogo wangu ya muhula uliofuata ilitoka hapo. Likelemba ya wanaotaka kuondoka Juni inaanza mwezi wa kumi, dola 50 kwa mwezi, na nafasi tatu bado ziko wazi. Zamu ya mwisho imeshachukuliwa.